Maji Niliyoyasubiri Yapoe

Shule ya Banyuripan, Java
Jumapili, siku ya gulio la Wage, 8 Mei 1983

Nduk Wartini, binti yangu,

Salamu nyingi. Mama yako mzima, ila magoti ndiyo yanayonisema nikipanda na nikishuka. Bado tumelala madarasani, kitongoji chote cha Ngasinan, nyumba sitini na tatu, tangu ofisi yenu ya kuchunguza mlima ituteremshe mwezi wa tatu kwa ajili ya ile hewa mbaya ya bondeni. Mimi nimepewa kona ya darasa la tatu. Na darasa la tatu ndipo nilipoishia kusoma, basi Yu Paijah akasema mbele za watu, "Ngatirah, umerudi kumalizia?" Dada yangu huyo unamjua, mdomo wake haupumziki hata akila.

Namba za joto la chemchemi wiki hii: Jumatatu 41. Jumanne 41. Jumatano 43. Alhamisi 43. Ijumaa 46. Jumamosi 41. Leo 41.

Sasa nikueleze ya Ijumaa usije ukayasikia kwa mwingine. Bwana wako wa kazi, Pak Hendarto, alikuja na gari. Hakupanda chemchemini, mvua ilikuwa inanyesha, alikaa barazani kwa mkuu wa kijiji akanywa chai. Nikaitwa. Nilikuwa nimeshuka sasa hivi, matope mpaka kwenye mapaja, nikampa daftari. Akafunua, akafika kwenye 46, akakunja uso. Uso ule, Nduk, kama wa mtu aliyeng'ata kijiwe ndani ya wali.

"Bu, hii arobaini na sita imetoka wapi?"

"Chemchemini, Pak."

Watu wakacheka. Nami sikuwa nimetania.

"Labda ulikishika kipimajoto kwa kiganja. Pima tena vizuri. Angalia hizi za arobaini na moja, hizi ndizo namba nzuri. Ukiniletea moja kama hii unaniharibia mchoro mzima, na binti yetu anayechora kule ofisini ndiye atakayepata taabu."

Binti yetu anayechora. Nilijua ni wewe. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno niseme huyo ni wangu, nimemzaa mimi. Halafu nikaona hajui. Hajui kabisa kwamba huyu mwanamke wa matope ni mama yako. Nikasema moyoni, mwanangu ana sababu zake. Nikainama nikamwongezea chai.

Basi usiwe na wasiwasi. Nimeshaelewa wanachotaka. Kesho yake nilipima vizuri na leo pia. Sitakutia taabuni tena.

Kula ushibe. Ukiwa umekonda usinifiche.

Mimi mama yako,
Mbok Ngatirah


Mjini, 19 Mei 1983

Mbok wangu,

Napiga magoti mbele yako, natumaini barua hii imekukuta na afya.

Samahani kwa maneno ya Pak Hendarto. Ndivyo alivyo, hana ubaya. Kuhusu kutokujua kwamba wewe ni mama yangu, ni vile tu hajaniuliza, na mimi sikupata nafasi ya kusema. Usilifikirie.

Lakini nina ombi. Barua zako hapa hufunguliwa na yeyote aliye karibu, kwa sababu ya zile namba. Zinasomwa kwa sauti; za nyuma uliniita Nduk tu, na hii ya mwisho niliiwahi mimi mwenyewe. Tafadhali kuanzia sasa namba ziandike kwenye karatasi yake, juu yake andika "Kwa ofisi", basi. Barua ya nyumbani iwe kwenye bahasha nyingine, na jina langu pekee. Na kwenye karatasi ya namba usiandike "binti yangu". Ni utaratibu wa ofisi tu, Mbok.

Namba zako za sasa ni nzuri sana. Niliifuta ile 46 nikaandika pembeni "kosa la mpimaji", na mstari wako umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Pak Hendarto aliubandika ukutani. Hata sindano ya mashine ya mitetemo, ile ya kituo cha kaskazini, imeanza kucheza kidogo wiki hizi, lakini yeye anasema, "Chemchemi ya kusini imetulia. Mlima unajigeuza tu usingizini." Hivyo mstari wako ndio unaotupa utulivu sisi wote.

Ukipanda, vaa viatu nilivyokuletea. Najua umevihifadhi.

Mwanao,
Wartini


Shule ya Banyuripan
Jumanne, siku ya gulio la Legi, 14 Juni 1983

Nduk,

Nimefanya ulivyosema. Karatasi ya namba iko peke yake, nimeandika Kwa ofisi, jina lako halimo popote. Nilianza kuandika "binti" kwa mazoea, nikaifuta mpaka karatasi ikatoboka, nikaanza nyingine.

Jumamosi jua lilipoliwa mkuu wa kijiji alipita na kengele, kila mtu ndani, milango ifungwe, atakayechungulia atapofuka. Yu Paijah aliwafunga na ng'ombe wake macho kwa sarong zake mbili nzuri. Tukacheka mpaka kukawa giza, ndipo kila mtu akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshapima mapema. 41.

Siku hizi nachelewa kushuka. Zamani nilikuwa narudi kabla mvuke wa sufuria ya kwanza haujapanda, sasa narudi jua limeshafika kwenye paa la shule, maana maji yananichukulia muda. Na sasa ni Ramadhani, nakaa pale na tasbihi yangu, si hasara. Mkono wa kulia niliungua kidogo jikoni, umeshakauka, usiulize.

Majani kuzunguka chemchemi yamekuwa ya manjano, nadhani ni kiangazi. Tumbili nao wameshuka wamemaliza mahindi ya shule, mwalimu mkuu anawarushia chaki.

Watu hapa wananipenda siku hizi mpaka naona aibu. Kila nikishuka wananisubiri langoni. "Ngapi leo, Daktari wa Babu?" Maana unajua mlima kwetu tunauita Babu, hatuutaji jina. Nikisema arobaini na moja wanapiga makofi. Wanasema zikikaa hivihivi mtawaruhusu kurudi Ngasinan wakachimbe viazi kabla havijaoza. Yu Paijah ananiwekea tempe ya soya iliyokaangwa vizuri kabisa kwa ajili ya futari, yeye ambaye hajawahi kunipa hata chumvi bila kunikumbusha.

Nduk, nikuulize jambo, usinicheke na usiwasomee wenzako. Hizi namba ni za nini hasa? Nilidhani ni kama mahudhurio ya shule, wanataka tu kuona mtu amefika na amefanya kazi safi. Mbok wako ni mjinga, wewe umesoma, nieleze polepole.

Ramadhani ikiisha, unakuja kula Idi, Lebaran? Nimekutafutia nafasi ya kulala karibu na dirisha.

Mbok wako


Mjini, 27 Juni 1983

Mbok,

Napiga magoti mbele yako.

Lebaran hii sitaweza kuja. Kazi ni nyingi, na wageni wanatoka makao makuu. Usikasirike. Nitakuja mambo yakitulia.

Umeuliza namba ni za nini. Sikucheka. Kusini mwetu, chini ya bahari, sakafu yake inasukumwa iingie chini ya kisiwa chetu, polepole, kama mkeka unaosokomezwa chini ya mkeka mwingine. Haiingii kwa amani. Hukwama, ikichomoka ardhi inatetemeka. Na kule chini kabisa miamba inayeyuka, ule uji wa moto unatafuta njia ya kupanda, na milima yetu yote iliyojipanga mstari mmoja toka magharibi hadi mashariki ndiyo matundu yake. Ukianza kupanda, kwanza maji ya chemchemi hupata joto, kabla jicho halijaona chochote.

Kwa hiyo kipimajoto ni kama kiganja chako. Nilipokuwa mdogo nikilala ovyo ulikuwa unaniwekea kiganja kwenye paji la uso. Hukuwa unatafuta joto zuri wala baya. Ulikuwa unataka kujua kama nina homa. Ndiyo hiyo tu.

Na namba zako ndizo zinazowarudisha watu nyumbani, Mbok. Pak Hendarto anaandika ripoti kwa mkuu wa wilaya: chemchemi ya kusini haijapanda hata nukta kwa wiki saba. Tarehe 20 Julai familia zote sitini na tatu zitaruhusiwa kurudi Ngasinan. Waambie wajiandae. Na mimi nimeahidiwa kuajiriwa moja kwa moja, kwa sababu ya michoro.

Mkono wako uliungua vipi jikoni wakati wanaopika hapo ni wale waliolala darasa la kwanza?

Mwanao,
Wartini


Shule ya Banyuripan
Jumatano, siku ya gulio la Kliwon, 13 Julai 1983

Wartini mwanangu,

Barua hii nampa Kang Darmo wa lori la kabichi, posta imefungwa kwa Lebaran. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, akupe wewe mkononi hata kama uko chooni akusubiri.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya Lebaran. Nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Jana watu wote walizunguka madarasani kupeana mkono na kuombana msamaha, wadogo wakipiga magoti kwa wakubwa, nami ikanibidi nipige magoti kwa Yu Paijah kwa kuwa ndiye mkubwa wangu. Akasema, "Haya, nimekusamehe ya wazi na ya siri, inuka, unanikalia sarong." Ya siri. Sikuweza kuinuka. Akadhani ni magoti.

Nduk, maji si 41. Hayajawa 41 tangu ile Ijumaa ya Pak Hendarto.

Sikuandika uongo. Nisikilize kwanza. Kesho yake nilipanda nikatumbukiza kipimajoto, kikasema 46 tena. Nikaogopa. Nikaona ule uso wake, nikakuona wewe unagombezwa mbele ya watu kwa sababu ya mama asiyejua kupima. Nikachota maji kwa kata, nikatia kipimajoto ndani ya kata, nikakaa juu ya jiwe nikasubiri. Yakashuka. 45. 44. Yalipofika 41 nikaandika 41. Kipimajoto chenyewe ndicho kilichosema. Nikashuka nimefurahi, nikasema kumbe ndivyo wanavyotaka, mtu awe na subira.

Nikafanya hivyo kila siku. Mkono niliungua pale, si jikoni.

Sasa umeniandikia ya kiganja. Mwanangu. Ni sawa na kama ungekuwa unawaka homa, mimi nikakutoa nje kwenye upepo nikakusubiri upoe, halafu nikamwambia baba yako hana kitu. Ndicho nilichokifanya. Kwa watu wa nyumba sitini na tatu, mmoja wao dada yangu wa tumbo moja. Na wao wananipigia makofi.

Leo Yu Paijah amefunga vyombo. Jembe ameshalifunga kwenye fito. Mkwewe anaimba. Zimebaki siku saba tu.

Namba za kweli sina, maana baada ya siku ile sikukitazama kipimajoto mpaka maji yapoe. Nimejaribu kukumbuka usiwe huna kitu. Nilichonacho ni tasbihi. Nilipokuwa nasubiri nilikuwa nasema Astaghfirullah, punje mia ni mzunguko mmoja, sifanyi haraka, ile ya taratibu ya marehemu bibi yako. Wiki ya kwanza maji yalikuwa yanapoa kwa mzunguko mmoja na nusu. Jua lilipoliwa ilikuwa mitatu. Katikati ya Ramadhani minne na ushee. Leo asubuhi ni saba, na mvuke ulikuwa umetanda sikuona mti wa upande wa pili.

Nilikuwa namwomba Mungu msamaha kwa hesabu, huku kosa nimelishika mkononi ndani ya kata.

Waambie ni mimi. Usiwaambie ni mama yako kama hutaki. Waambie tu mwanamke wa kule ni mjinga, wasiwarudishe watu.

Ngatirah


Mjini, 15 Julai 1983

Mbok,

Kwanza: usipande tena. Hata hatua moja. Kipimajoto kiache hukohuko.

Kang Darmo alifika jana saa nne, ananuka kabichi, akakataa kumpa bawabu barua. Niliisoma nimesimama uani. Nikaingia kwa Pak Hendarto, alikuwa na wageni wawili wa makao makuu, anawaonyesha mstari wangu ukutani. Nikasema, "Pak, mstari huu si wa kweli."

"Nani kasema?"

"Aliyepima. Ameandika."

"Yule mama wa Banyuripan?" Akawageukia wageni, akacheka. "Huyu mama ana vituko. Barua zake zilikuwa zinatuchekesha sana hapa, siku hizi kaacha."

Mbok, zilipokuwa zinasomwa, nami nilikuwa nacheka. Ndiyo sababu nilikuambia utenganishe karatasi. Haikuwa utaratibu wa ofisi. Niliogopa siku moja watasoma "binti yangu" na mtu atauliza binti gani. Miaka miwili nimekaa hapa wakidhani mimi ni mtoto wa mwalimu. Nilisema hivyo siku ya kwanza, sijui hata kwa nini, na baadaye sikujua pa kurudia.

Nikasema, "Ni mama yangu." Nikawasomea barua yako yote, toka juu mpaka chini, na pale pa uso wa Pak Hendarto sikuparuka.

Mmoja wa wageni ndiye aliyeuliza kata ni ya ukubwa gani. Bawabu anayo ya kifuu kama yako. Tukaenda jikoni, tukafungua madirisha baridi iingie, tukachemsha maji. Mimi nikakaa na tasbihi ya mpishi, nikahesabu kwa mwendo wako, ule wa bibi, naujua mpaka kwenye mifupa. Pak Hendarto akashika saa. Tulijaribu maji ya 50, ya 55, ya 60. Mizunguko saba ilitoka kwenye maji ya 67.

Pak Hendarto alikaa juu ya gunia la mchele. Tukachora mstari upya kwa mizunguko yako yote na kuuweka sambamba na mitetemo ya kaskazini. Inapanda pamoja, Mbok. Imepanda pamoja tangu Mei. Akainuka akaenda kwenye redio kumwita mkuu wa wilaya.

Hamrudi Ngasinan. Na Banyuripan pia wahame, wote mvuke mto, askari watakuja kesho. Watu wataambiwa kipimajoto kilikuwa kibovu. Pak Hendarto amesema ni bora hivyo, usiaibike mbele ya majirani. Hakusema naye asiaibike mbele ya mkuu wa wilaya. Nilikubali haraka mno. Basi wewe nyamaza tu, Mbok, uvuke nao. Hakuna atakayejua.

Nisamehe. Ya wazi na ya siri.

Wartini


Kambi ya ng'ambo ya mto, Kali Sengon
Jumatatu, siku ya gulio la Pahing, 25 Julai 1983

Nduk,

Najua redio imeshawaambia, lakini redio haijui mambo ya hapa.

Jumamosi ile askari walikuja, mkuu wa kijiji akasimama juu ya dawati akasoma tangazo. Kipimajoto kibovu, hakuna kurudi juu, watu wavuke mto. Ungesikia kelele. Mkwe wa Yu Paijah akauliza, "Kibovu kwa kuzidisha au kwa kupunguza?" Mkuu akasema tangazo halikuandika. "Basi labda kilikuwa kinazidisha! Labda ni thelathini!" Watu wakamshangilia. Na wana akili, Nduk, ndivyo na mimi ningesema. Nilikuwa nimesimama nyuma, nimenyamaza kama ulivyoniagiza kwenye barua aliyoleta Kang Darmo usiku.

Wengi walivuka wakinung'unika. Jumapili asubuhi kuhesabu, nyumba kumi na moja hazipo. Wamekwenda Ngasinan kuchimba viazi, Yu Paijah akiwa mbele na ng'ombe wake wawili. Alimwambia askari, "Mdogo wangu amepanda kule miezi minne, kila siku, anarudi mzima. Mimi nishindwe siku moja?"

Uliniambia nisipande hata hatua moja. Nilipanda.

Niliwakuta shambani, viazi vimejaa magunia, wanataniana. Yu Paijah akaniona. "Daktari wa Babu huyo! Leo ngapi?"

Nikasema, "Yu, kipimajoto ni kizima. Mbovu ni mimi."

Nikawaambia. Jiwe, kata, kusubiri, yote. Nilidhani nikianza sauti itakatika, haikukatika, ikawa inatoka tu kama ya mtu mwingine. Hakuna aliyecheka. Halafu Yu Paijah akasema, "Mwongo. Ofisi imekutuma. Mwanao yuko huko, wanakutumia kututisha."

"Wallahi, Yu."

"Usiniapie mimi! Nakujua toka hujaota meno, hujawahi kukaa kimya na jambo siku mbili!"

Akatupa jembe, akashika njia ya chemchemi, mimi nyuma yake nikimwita, wengine nyuma yetu. Pale chini ambapo maji yanapita, tulipokuwa tukifulia, akapandisha sarong, akanitazama machoni, akatia mguu.

Ukelele wake sitausahau. Mguu ulitoka mwekundu kama pilipili. Alinipiga kwa kitambaa cha kichwa, usoni, mgongoni, huku akirukaruka kwa mguu mmoja. "Miezi! Miezi mitatu unakula tempe yangu!" Nikamwinamia nimbebe, akakataa, mkwewe akambeba. Watu wakaanza kukimbia. Magunia yakabaki pale yamesimama. Ng'ombe walikuwa wamefungwa mbali, upande wa korongo, hakuna aliyekubali kuwaendea, hata yeye mwenyewe alipokuwa analia.

Tukavuka mto jua likiwa bado juu.

Halafu Babu akanyamaza. Jumatatu kimya, Jumanne kimya, Jumatano kimya. Watu wakaanza kunitazama. Kwenye foleni ya uji mtu ananipita kana kwamba mimi ni nguzo. Nikwambie jambo la aibu kuliko yote? Jumatano nilijikuta naomba alipuke. Niliomba kweli, kwa maneno, ili nisiwe nimewatia hasara bure. Nikajishika mdomo.

Alhamisi saa tatu asubuhi akatoka. Tulisimama wote ukingoni mwa mto. Wingu lilishuka kwenye korongo la Ngasinan kama lina miguu, bila haraka ukilitazama kwa mbali, lakini kufumba na kufumbua kitongoji hakipo, halafu paa la shule halipo. Mwalimu mkuu alikuwa anahesabu watu kwa sauti, darasa kwa darasa, kama mahudhurio. Wote walikuwepo. Akahesabu tena. Wote.

Pak Hendarto alikuja Jumamosi. Safari hii viatu vilikuwa vyeupe kwa majivu. Akasema mbele za watu kwamba niliokoa nyumba kumi na moja, halafu akasogea akaniambia kwa sauti ya chini, "Bu, ule uso ulikuwa wangu." Nikasema, "Na kata ilikuwa yangu, Pak." Sasa watu wananishukuru, wananishika mkono, mama mmoja ananiletea mtoto nimguse. Kila shukrani inanichoma. Wananishukuru kwa kuwatoa kwenye shimo, na aliyewaonyesha njia ya shimo ni mimi, na wanalijua, na bado wananishukuru. Nimewaomba waache. Hawaachi.

Aliyeacha ni Yu Paijah peke yake. Siku nane hajanisemesha. Tumelala hema moja, mgongo kwa mgongo.

Leo mchana nilikuwa nimekaa nje nachambua mboga. Akaja anachechemea, akakaa mbele yangu, akanyoosha mguu.

"Ng'ombe wangu," akasema.

"Najua, Yu."

"Walikuwa wawili."

"Najua."

"Usiniambie najua, najua. Nifunge kitambaa hiki upya. Yule nesi mkono wake mzito, na wewe umezoea mambo ya maji moto."

Nikaweka mboga chini. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba msamaha, nimeyapanga siku nane, hayakutoka hata moja. Nikafungua kile kitambaa cha zamani, nikaona ngozi ilivyo, nikaanza kufunga kipya polepole, na machozi yakawa yanadondoka palepale juu ya kitambaa.

Yu Paijah akanitazama. "Pakavu, Ngatirah," akasema. "Daktari kasema pakae pakavu."

Basi nikafuta uso kwa bega, nikaanza upya.

Mama yako,
Ngatirah